Ngurumo za Embakasi

Mume wangu Polycarp alikuwa fundi wa magari pale Karatu kwa miaka sita, na miaka yote hiyo watu walimwamini kwa sababu ya masikio yake. Dereva alileta lori lake akasema tu, "Linakohoa," naye Polycarp alisimama kando, macho ameyafumba, kisha akasema ni valvu au ni pampu. Sifa hiyo ilikuwa ya kweli mwaka tulipofika. Kufikia mwaka wa themanini na tatu haikuwa kweli tena, na aliyelijua hilo nilikuwa mimi mkewe peke yangu.

Lazima nianze na Embakasi, maana bila Embakasi huwezi kumwelewa.

Tuliishi Nairobi tangu mwaka wa sitini na mbili, kwenye nyumba za wafanyakazi zilizokuwa karibu kabisa na uwanja wa ndege. Polycarp alitoka Kilema, Kilimanjaro, akiwa na miaka ishirini. Akafundishwa ufundi, akapangiwa ndege za jeti wakati zilipokuwa bado kitu kigeni machoni pa watu. Zile za kwanza ziliitwa Kometi. Zilikuwa na injini nne zilizofichwa ndani ya mabawa, na zikiwashwa, mabati ya nyumba zetu yalitetemeka, vikombe vikasogea vyenyewe mezani. Ndege ikiondoka iliacha nyuma moshi mweusi mrefu, ukashuka taratibu juu ya kamba zetu za nguo. Kuna siku nilifua shuka zilezile mara mbili. Wanawake wote wa pale tulizilaani ndege zile. Lakini ikitokea asubuhi ukungu umezizuia zisiruke, tulitoka nje na kuulizana kuna nini, mbona dunia imekuwa hivi.

Polycarp alizipenda kupita kiasi. Alirudi nyumbani ananuka mafuta ya taa mpaka kwenye nywele, na binti yetu Aikande, akiwa mdogo, alijua baba yake amefika kabla hajagusa mlango. Shirika la ndege liliwapa mafundi vizibo vya mpira vya kuziba masikio. Vyake vilikaa mfukoni.

"Nikiziba masikio nitajuaje kama injini inaumwa?" aliniambia.

Baadaye Kometi zikaondolewa, zikaja VC10, ndefu, injini zote nne mkiani, nazo kelele yake ilikuwa ya kupasua anga. Alizipenda hizo pia, ila Kometi alizitaja kama mtu anavyomtaja mke wake wa kwanza.

Mwaka wa sabini na saba shirika la ndege la Afrika Mashariki lilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Tulivuka Namanga na vitanda viwili, cherehani yangu na sanduku lake la spana. Mzee mmoja Mmeru, Eliamani, alikuwa na gereji Karatu kwenye barabara kuu ya kwenda Ngorongoro, akampa Polycarp kazi na chumba cha kuishi nyuma ya gereji. Mimi nikafungua kibanda cha chai mlangoni. Watalii waliokuwa wakija kwa upande wa Nairobi walikuwa wamekatika. Tuliishi kwa malori ya vitunguu kutoka Mang'ola na trekta za ngano za Mbulumbulu.

Karatu ilimshinda kwa ukimya. Alikuwa akisema kimya cha pale kinamuuma kichwa. Kila Jumapili baada ya misa alipanda kilima kilicho nyuma ya mji kuzingojea ndege zinazopita juu, na mara nyingi niliongozana naye na karanga zangu kwenye kitambaa. Zikipita, ndogo kama sindano, zikivuta uzi mweupe, alitikisa kichwa.

"Hazina moshi, hazina sauti. Zinapita kama watu wenye aibu," alisema. "Mama Aikande, unakumbuka ile ya saa kumi na mbili ya Londoni?"

"Nakumbuka. Iliniharibia shuka zangu zote."

Alicheka mpaka akapaliwa. Na mimi nilicheka. Nilizitamani zile shuka chafu. Nilikumbuka ujana wetu, jikoni kumejaa harufu ya mafuta ya taa, na watu wawili wanaolazimika kupigiana kelele ili waulizane kama chumvi imetosha.

Jumapili moja ya mwaka wa themanini na moja, ndege ilitokea nyuma yetu, chini kuliko kawaida, na mngurumo wake ukatufunika. Niliinua uso. Polycarp alikuwa anamenya karanga, akaendelea kumenya. Aliangalia juu pale tu aliponiona mimi nimeangalia juu.

"Unasikia?" akaniuliza, akitabasamu.

"Nasikia."

Ndege ikaenda zake. Ukabaki upepo kwenye majani. Lakini Polycarp aliendelea kutikisa kichwa, kiganja nyuma ya sikio.

"Bado," akasema. "Injini nne. Sikiliza."

Hapakuwa na kitu. Nilimshika mkono nikamwambia hakuna kitu, naye akaangalia midomo yangu kabla ya kujibu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba alikuwa akiniangalia midomo kwa muda mrefu, labda mwaka mzima, na mimi nikadhani ni mapenzi.

"Zipo humu," alisema, akajigusa upande wa kichwa. "Nikiamka zinawashwa, na nikilala ndipo zinazimwa. Hazijaniacha."

Alisema kwa furaha, kama mtu anayeonyesha mali aliyofanikiwa kuificha. Ningelia. Badala yake nilifurahi kwa ajili yake.

Tangu hapo nikawa masikio yake. Nilikuja na chai, nikasimama mbele ya uso wake nikasema taratibu, "Dereva anasema linalia likikata kona." Tulikuwa na ishara pia. Nikisikia kitu kibaya kwenye gari naweka kiganja shavuni, kama mwenye jino bovu, naye anasema, "Ngojeni, tufungue tuone." Mikono yake ilikuwa bado na akili nyingi. Aliweka kiganja kwenye injini akajua mambo ambayo wengine hawayajui hata wakisikia. Mara nyingine alichukua bisibisi ndefu, ncha moja kwenye chuma na ncha nyingine akaiuma kwa meno, atambue mtetemo. Watu walidhani ni utaalamu wa ndege. Hakuna aliyeumia, miezi ikapita, tukazoea.

Machi ya mwaka wa themanini na tatu, mvua ilikuwa imechelewa. Kule Olbalbal, nyikani chini ya milima ya Ngorongoro, ng'ombe walikuwa wanakufa na watu wamebaki hawana maziwa wala chochote cha kuuza. Alhamisi moja asubuhi, Piusi alileta gereji lori lililopakiwa magunia arobaini ya mahindi ya kupeleka huko. Piusi alikuwa Mwiraki wa Mbulumbulu, mtu mzima wa miaka thelathini na miwili, mpole, ana watoto wawili aliobaki nao kwa mama yake baada ya mkewe kufariki. Kwenye kibanda changu alikuwa amekaa Seenoi, mwanamke wa Olbalbal ambaye tangu mwaka wetu wa kwanza aliniletea maziwa kila alipopanda huku. Safari hii hakuwa na maziwa. Alikuja kutafuta unga, akapata debe moja, na alitaka usafiri wa kurudi.

"Mama Aikande, lori leo iko?"

"Ipo. Ngoja kwanza fundi aliangalie."

Piusi alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, mgongo kwa Polycarp. "Fundi, huu mguu wa kushoto unalia," alisema. "Tangu jana, nikitoka Rhotia."

Polycarp hakuona midomo yake. Aliona kidole tu, kinaonyesha gurudumu. Akamwambia aliendeshe polepole hadi barabarani na kulirudisha. Mzee Eliamani alikuwepo, na wanaume wengine wanne waliokuwa wakisubiri magari yao. Mimi nilisimama mlangoni na birika mkononi, na lori likapita karibu nami.

Nililisikia. Chuma kinasaga chuma, kikinyamaza na kurudi kila gurudumu lilipozunguka, kama kinu kilichoingiwa na jiwe. Hata Seenoi alisikia.

"Inasaga meno," alisema, akacheka kidogo.

Lori likasimama. Polycarp akaweka kiganja kwenye kitovu cha gurudumu, akaweka bisibisi, akauma. Lakini gurudumu lilikuwa limetulia sasa, kilichotetemeka ni injini tu. Akasimama wima, akafuta mikono.

"Vumbi la breki," akasema. "Likishika mteremko litajisafisha."

Kisha akaniangalia, kama alivyoniangalia siku zote.

Nilichotakiwa kufanya ni kuinua mkono. Mzee Eliamani alikuwa anawaambia wale wanaume, "Mnaona? Huyu amesomea kwenye ndege," nao wakamtazama Polycarp kwa heshima, na Polycarp amesimama jinsi alivyokuwa akisimama Embakasi, mabega nyuma, kidevu juu. Kufungua kile kitovu maana yake ni kushusha magunia arobaini. Beringi mpya za gurudumu hazikuwepo nchi nzima. Olbalbal watu wana njaa. Hizo ni sababu, na baadaye nilijisomea moja moja kama mtu anayesali rozari, lakini wakati ule sikufikiria hata moja. Niliona tu uso wa mume wangu mbele ya watu. Mkono wangu ukabaki pale pale, kwenye birika.

Nilimsaidia Seenoi kupanda. Nilimsukuma kiuno, nikampokeza debe lake. Akakaa juu ya magunia pamoja na mzee mmoja wa kwao, Ngoyai, wakaondoka saa nne.

Habari zililetwa alasiri na dereva aliyekuwa anatoka Serengeti. Lori lilipanda vizuri hadi ukingoni mwa kreta. Kwenye mteremko wa upande wa pili, ule wa kuelekea Malanja, gurudumu la nyuma la kushoto lilikwama, likachomoka, na lori likapinduka mara mbili. Piusi alifia kwenye usukani. Seenoi na mzee Ngoyai walikutwa chini ya magunia. Dereva yule alisema watu waliokuja kusaidia, wakishatoa maiti, walianza kuokota mahindi yaliyomwagika. Waliyakusanya kwenye shuka zao huku wanalia, kwa sababu wenzao wamekufa na kwa sababu walikuwa na njaa.

Askari walipokuja kuuliza, Polycarp aliwajibu alichokijua. Nilimrudia maswali yao mbele ya uso wake, nikijifanya namsaidia Kiswahili cha serikali.

"Gari nililipima mwenyewe," alisema. "Lilikuwa zima."

Wakaandika kwamba dereva alikuwa na mwendo kasi mteremkoni. Haikufika Jumapili, Karatu nzima ikawa inasema Piusi alikuwa amelewa. Mtu mmoja aliapa alimwona na chupa. Tulikwenda kuzika Mbulumbulu, na mama yake, Antonia, alisimama kando ya kaburi, hamwangalii mtu.

"Mwanangu hanywi," alisema. Akasema tena, "Mwanangu hanywi." Watu walitazama miguu yao.

Nilirudi nyumbani nimekusudia kumwambia Polycarp. Lakini kiziwi unamnong'onezaje? Chumba chetu kilikuwa cha mbao, upande huu gereji, upande huu jirani. Sura nilizozoea kumtengenezea kwa midomo zilikuwa za maneno mafupi ya kazi, na hili halikuwa neno fupi. Ningemwambia ingebidi nipige kelele, na kila neno lingesikika barabarani. Siku tisa nilimpakulia chakula, akala. Ya kumi nikachukua daftari la zamani la Aikande, ambaye siku hizo alikuwa shule ya bweni Moshi, nikaandika: *Gurudumu lilikuwa linasaga. Wewe hukusikia. Mimi nilisikia, nikanyamaza. Piusi hakulewa.*

Alisoma amesimama mlangoni kwenye mwanga. Akasoma tena.

"Na Seenoi alisikia?" akauliza, kwa sauti kubwa kama ya viziwi wote.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Alisikia, akapanda?"

Nikaitikia. Alipanda kwa sababu fundi alisema ni vumbi.

Polycarp akakaa kitandani, daftari magotini. Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Mwaka wa sabini na nne, daktari wa kazini Embakasi alimpima masikio akamwamuru aache ndege, ahamie stoo. Alimwambia akiendelea atakuwa kiziwi kabisa. Polycarp aliichana ile karatasi akarudi kazini.

Niliandika: *Kwa nini?*

"Stoo kuna nini? Rafu na vumbi. Wewe hukuwahi kusimama nyuma ya Kometi inapowashwa. Ya kwanza, halafu ya pili. Ikifika ya nne kifua chako chote kimekuwa injini. Ule moshi unakupiga, machozi yanakutoka, na unajua mia moja wataruka kwa sababu wewe umesema waruke…"

Uso wake ulikuwa umewaka. Hata wakati ule, na kaburi la Piusi halijaota jani, uso wake uliwaka. Nadhani alijiona, kwa sababu alikatisha ghafla, akachukua daftari akajifunika nalo uso, na nikaona mabega yake yanatikisika. Hakutoa sauti. Au labda yeye alidhani hatoi, maana jirani aligonga ukuta akauliza kuna mgonjwa.

Kesho yake tulitembea hadi Mbulumbulu. Antonia alikuwa uani anapura maharage, wajukuu wake wawili wanaokota yanayoruka. Alitukaribisha, akaingia ndani kutafuta kiti. Polycarp alikataa kukaa. Akamweleza yote, amesimama, kofia mkononi, kwa sauti ile kubwa isiyo na kipimo, mpaka majirani wakasogea kwenye ua. Alisema yeye ni kiziwi. Alisema lori lilikuwa bovu naye akasema ni zima. Alisema Piusi alimwonyesha gurudumu kwa kidole.

Kunihusu mimi hakusema.

Antonia aliweka chini kiti alichokitoa ndani. Alizungumza taratibu, kichwa chini, na Polycarp akanigeukia, kwa kuwa hakuiona midomo yake.

"Anasemaje?"

Nikampigia kelele sikioni, mbele ya watu wote wale: "Anasema alimlea peke yake!"

Antonia akaendelea.

"Anasema watu walikataa kubeba jeneza! Walisema ni la mlevi!"

Akaendelea.

"Anasema usimwombe msamaha! Hana wa kukupa! Anasema nenda ukawaambie askari kama ulivyomwambia yeye!"

Polycarp aliitikia kila neno kwa kichwa, kama mwanafunzi. Ndipo Antonia aliponitazama mimi kwa mara ya kwanza.

"Na wewe, Mama Aikande, masikio yako mazima?"

"Mazima."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilisikia."

Hilo sikumpigia mtu kelele. Antonia alishika fimbo yake akaendelea kupura maharage, na tulipotoka uani tuliendelea kuisikia, yaani niliendelea kuisikia mimi, hadi tulipofika barabarani.

Polycarp alikwenda kituoni siku hiyo hiyo. Kesi ilisikilizwa Mbulu. Maelezo kuhusu Piusi yalifutwa, na karani aliandika kwamba marehemu alitoa taarifa ya ubovu kwa fundi. Nilimpelekea Antonia nakala. Kwa Seenoi nilishuka Olbalbal kwa miguu na watu wa kwao, nikamkuta mama yake mkubwa, Nalotuesha, hajui Kiswahili. Mtu akatutafsiria. Bibi yule alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama Seenoi alikuwa amekula kabla ya kuondoka. Nikasema alikunywa chai. Akasema vizuri.

Mahakamani na mimi niliomba kusema. Nilisema nilisikia gari likisaga na nikanyamaza makusudi. Hakimu aliniuliza kama mimi ni fundi. Nikasema hapana. Akaniambia nikae.

Polycarp alifungwa miezi kumi na minane Arusha. Mpaka wa Kenya ulifunguliwa akiwa ndani, na wenzake wa zamani waliandika barua kwamba Embakasi wanatafuta mafundi wazoefu. Nilimpelekea barua hizo, akazirudisha hazijafunguliwa. Alitoka amekonda, hasikii hata radi. Sasa tunawasiliana kwa daftari. Siku moja aliniandikia kwamba angetoa chochote apate saa moja ya kimya, na nikajua zile ndege alizozipenda bado zinaruka kichwani mwake na hakuna wa kuzizima. Hapandi tena kilimani. Ana mbuzi wawili na kibustani cha mboga.

Mimi kila msimu wa palizi naenda Mbulumbulu siku tatu na jembe langu. Mwaka wa kwanza Antonia alinikuta nimeshaanza kwenye kona ya shamba lake. Alisimama akanitazama muda mrefu. Hakuniambia karibu, wala hakuniambia niondoke. Mpaka leo hajasema. Wajukuu wake wamekua, wanapalilia vizuri, na yule wa kike ana mwendo wa baba yake. Yeye Antonia anaanzia juu, mimi naanzia chini, tukikaribiana katikati anahamia mstari mwingine. Jua likigeuka nafuta jembe kwa majani, nashika njia ya Karatu kwenda kumpikia mume wangu.